Kulea Mzazi: Kazi ya Watu Wengi



Katika lugha yetu neno "mzazi" lina maana mbili. Maana ya kwanza ni baba au mama wa mtoto, hata kama mtoto mwenyewe amekwisha ota mvi. Maana ya pili, ambayo watu wa pwani huitumia kila siku, ni mwanamke aliyejifungua karibuni na ambaye bado hajatimiza arobaini yake. Huyu ndiye tunayekwenda kumtazama na kuuliza, "Mzazi anaendeleaje?" Na kazi ya kumhudumia huitwa kulea mzazi. Angalieni jinsi lugha ilivyosema: si mtoto peke yake anayelelewa. Aliyemzaa naye hulelewa.

Somo letu la safari hii lahusu kulea mzazi kwa upande ambao tumezoea kuusahau, nao ni upande wa akili na moyo wake, tangu anapokuwa na mimba mpaka mtoto anapotimiza mwaka mmoja. Twataka kuonyesha kwamba kazi hii haiwezi kufanywa na mtu mmoja, awe daktari, muuguzi, mume au mama mkwe. Tena twataka kuonyesha kwamba mama anapopotea, mara nyingi hapotei kwa kukosa watu. Hupotea katikati ya watu, kila mmoja akidhani mwenzake anamwangalia.

MZAZI WA ZAMANI NA MZAZI WA LEO

Wale waliokulia Masasi, Newala, Muheza au Korogwe wanakumbuka jinsi mzazi alivyowekwa. Alikandwa kwa maji ya moto, akafungwa tumbo, akanyweshwa uji wa pilipili manga, na ufagio hakuushika mpaka siku zake zitimie. Bibi au shangazi alilala naye chumba kimoja. Kazi hiyo ilikuwa na faida moja ambayo wenyewe hawakuitaja kwa jina: palikuwa na macho. Bibi aliyelala kando yake alijua kama mzazi amepata usingizi au amekesha akitazama dari. Alijua kama anamchukua mtoto mwenyewe au anangoja mpaka apewe. Na akiona mambo hayaendi sawa alikuwa na wa kumwambia, kwa kuwa nyumba ilikuwa imejaa watu.

Hatusemi kwamba yote ya zamani yalikuwa mema. Wapo waliokandwa wakaungua, wapo walionyimwa vyakula walivyovihitaji, na wapo waliofungwa kamba kwa sababu akili zilikuwa zimewaruka. Mzazi wa siku zile alikuwa na shida nyingi, lakini upweke haukuwa mojawapo.

Sasa tutazame mji wetu. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu 272,821 katika mji wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa mzima. Wengi wa hao wanakaa pembezoni: Mbagala, Tandika, Yombo, Chamazi, Tandale, Mwananyamala, Bunju. Wanapanga chumba kimoja au viwili, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Bibi yuko Masasi. Akija, hukaa wiki mbili tu kwa sababu korosho zake zinamngoja. Mume hutoka alfajiri kwenda Kariakoo na kurudi usiku. Mama aliyejifungua bila matatizo huruhusiwa hospitalini kesho yake, na siku ya tatu yumo chumbani peke yake na mtoto, mlango umefungwa kwa ajili ya jua na vumbi.

Mtafiti Columba Mbekenga na wenzake walichapisha mwaka 2011 uchunguzi uliofanywa katika vitongoji vya watu wa kipato kidogo hapa hapa Dar es Salaam, kuhusu msaada ambao wazazi wa mtoto wa kwanza wanapata kwa ndugu na majirani. Walikuta kwamba msaada huo bado upo na wazazi wanautegemea sana. Lakini walikuta pia kwamba baadhi ya mashauri yanayotolewa si sahihi, na kwamba wahudumu wa afya wafaa washirikiane na hao ndugu na majirani badala ya kuwapuuza. Jambo hilo tutalirudia.

MARADHI YENYEWE

Watu wengi huchanganya mambo matatu yaliyo mbalimbali, na kwa kuyachanganya hutibu lisilohitaji tiba na kuliacha linalohitaji.

La kwanza ni kulia lia kwa siku za mwanzo. Wazazi wengi, pengine nusu yao au zaidi, hupata hali hii kuanzia siku ya tatu hivi. Machozi yanamtoka bila sababu, mara anacheka, mara anakasirika kwa neno dogo. Mwili umebadilika ghafula, na usingizi ni haba. Huu si ugonjwa. Hupita wenyewe kabla ya wiki mbili kwisha, na dawa yake ni maneno ya upole, chakula, na mtu wa kumbeba mtoto ili mama alale.

La pili ni sonona. Huzuni au uzito wa moyo unakaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, na hauna dalili ya kuondoka. Yale aliyoyapenda hayampi raha tena. Hana hamu ya kula, au anakula bila kuonja. Mtoto amelala lakini yeye hawezi kulala. Anajiona hafai, anaona wenzake wote wanaweza kulea isipokuwa yeye, na wengine hufikia kuwaza kwamba mtoto angekuwa salama zaidi kama yeye asingekuwepo. Kwetu mara nyingi hasemi kwamba ana huzuni. Husema ana mawazo mengi, kichwa kinamuuma, moyo unaenda mbio, mgongo unawaka moto. Hupewa dawa ya maumivu na kurudi nyumbani. Na yafaa kujua kwamba sonona haingoji mtoto azaliwe. Kwa wengi huanza tumboni mwa mimba, wakati kila mtu anampongeza.

La tatu watu huliita kichaa cha uzazi. Hutokea kwa mama mmoja au wawili katika kila elfu moja wanaojifungua, mara nyingi katika wiki mbili za kwanza. Mama hakupata usingizi siku mbili tatu na wala haonekani kuchoka. Anasema sana, au anasema yasiyoeleweka, anasikia sauti, anawashuku watu, au anasema mtoto huyu si wake, amebadilishwa. Hili ni jambo la dharura kama vile kutokwa damu. Mama huyu hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, si kesho, wala si baada ya mkesha wa Ijumaa. Asiachwe peke yake na mtoto hata dakika moja, lakini pia asinyang'anywe mtoto kwa nguvu na makelele. Hospitalini watampima mwili kwanza, kwa maana homa kali ya maambukizo, malaria iliyopanda kichwani na kifafa cha mimba huweza kumfanya mtu aonekane mwenda wazimu. Wengi wa kina mama hawa hupona kabisa wakitibiwa mapema, ingawa ugonjwa huweza kurudi katika uzazi mwingine, na kwa hiyo mimba ijayo yapasa itangazwe kliniki mapema.

MAJINA TUNAYOWAPA

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 daktari mmoja wa akili, Mwingereza, jina lake John Cox, alifanya kazi Uganda. Aliwachunguza wanawake 263 wa Kasangati, karibu na Kampala, na mwaka 1979 akachapisha aliyoyaona. Wakati ule walikuwapo wataalamu wa Ulaya waliodhani kwamba mwanamke wa Afrika, kwa kuwa anazungukwa na jamaa, hapati huzuni ya uzazi. Kasangati ilionyesha kwamba dhana hiyo haina msingi. Cox aliandika pia kuhusu amakiro, jina ambalo Waganda huupa wazimu wa baada ya kuzaa. Kwa imani ya wengi amakiro huja kwa sababu mwanamke, au mumewe, hakuwa mwaminifu wakati wa mimba. Aliporudi kwao aliendelea na kazi hiyo, na mwaka 1987 yeye na wenzake wawili walitoa yale maswali kumi yanayoitwa Kipimo cha Edinburgh, ambayo leo hutumika karibu dunia nzima kumtambua mama mwenye sonona. Ni vema tukumbuke kwamba sehemu ya mizizi ya maswali hayo imo katika udongo wa Afrika Mashariki.

Tumelitaja amakiro kwa sababu nasi tuna ya kwetu. Mtoto akikonda, husemwa amebemendwa, maana yake wazazi hawakujizuia wakati wa kunyonyesha, au mmoja wao alitoka nje. Sasa fikirini. Mama mwenye sonona hana nguvu ya kumnyonyesha mtoto vizuri wala kumpeleka kliniki, na mtoto huweza kukonda. Majirani wanaona mtoto amekonda, wanasema amebemendwa. Mama aliyekuwa mgonjwa amekuwa mshtakiwa. Je, mshtakiwa atakwenda kumweleza nani kwamba hapati usingizi? Ndipo inapotimia methali ya wahenga, mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini huyu hakuficha kwa kiburi. Tulimfungia njia ya kusema.

NI WENGI KULIKO TUNAVYODHANI

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 16 katika kila 100 wenye mimba, na karibu 20 katika kila 100 waliojifungua, hupata ugonjwa wa akili, hasa sonona. Hapa Dar es Salaam Profesa Sylvia Kaaya, daktari bingwa wa magonjwa ya akili, na wenzake waliwahoji wanawake 787 waliokuwa wakihudhuria kliniki za wajawazito. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2010, karibu wanne katika kila kumi walikuwa na dalili za sonona. Hatuna budi kusema hapa kwamba mwenye dalili kwa kujibu maswali si lazima awe mgonjwa kwa kipimo cha daktari. Maswali ni kama chujio, na chujio hukamata na makapi. Hata hivyo hesabu hiyo si ndogo. Walioelemewa zaidi ni wale waliowahi kupata sonona zamani, wale waliokuwa na ugomvi na waume au wenzi wao, na wale ambao mahitaji ya lazima yalikuwa hayatoshi.

Uchunguzi mwingine ulifanywa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2013. Katika wanawake wajawazito 1,180, asilimia 27 walisema wamepigwa au kulazimishwa na wenzi wao katika mimba ile ile waliyokuwa nayo. Waliotendewa hivyo walikuwa na dalili nyingi zaidi za hofu na huzuni. Basi mtu asituambie kwamba mambo haya ni ya Ulaya, au kwamba dawa yake ni mama kujikaza.

KILA MMOJA ALIKUWA NA KIPANDE

Tuseme yupo mama mpangaji wa Mbagala, miaka yake ishirini na miwili, huyu ni mtoto wake wa kwanza. Mfano huu tumeutunga, lakini hakuna kipande chake kitakachokuwa kigeni kwa mtu wa Temeke.

Kina Mama wa kanisa walikuja siku ya nne na sabuni, khanga na sukari. Waliimba, wakaomba, wakaondoka. Hawakurudi, kwa maana wiki ile kulikuwa na mzazi mwingine. Mume aliona jioni moto haujawashwa na nguo za mtoto zimelowa, akadhani ni uvivu, na siku nyingine akadhani ni dharau. Mpangaji wa chumba cha pili alisikia mtoto akilia usiku kucha na mama akilia pamoja naye. Hakutaka kuingilia nyumba ya watu. Mama mkwe alimtazama mtoto, akasema neno la kubemenda. Katika wiki ya sita mama alikwenda kliniki. Mtoto akatundikwa kwenye mizani, akachomwa sindano yake, uzito ukaandikwa kwenye kadi, na muuguzi mwenye foleni ndefu akasema, "Uwe unamnyonyesha vizuri." Mama akajibu, "Sawa." Yule muuguzi hakuwa mtu mbaya. Kazi aliyopewa siku ile ilikuwa kumpima mtoto, na alimpima.

Hesabuni ni wangapi. Watu watano au sita walikuwa na habari ya mama huyu, kila mmoja kipande chake, na vipande hivyo havikuwekwa mezani pamoja hata siku moja. Hiyo ndiyo maana ya kusema hupotea katikati ya watu.

Wenye elimu ya afya husema kwamba mama kama huyu ahitaji timu. Neno hilo lisitutishe. Timu si lazima iwe watu wenye makoti meupe. Ni watu wanaojua nani afanye nini, na nani aambiwe.

Wa kwanza ni muuguzi au mkunga wa kliniki, kwa kuwa ndiye anayemwona mama wakati wa mimba, kisha wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, mtoto anapokwenda kuchanjwa. Si mabingwa wa akili walio na nafasi hiyo. Hao ni wachache mno nchini, na wala hawataweza kuonana na kila mzazi. Muuguzi hahitaji saa nzima. Anaweza kumwuliza mama, akiwa peke yake, bila mume wala mama mkwe kusikia: katika wiki mbili hizi umekuwa na huzuni au kukata tamaa karibu kila siku? Mambo uliyoyapenda bado yanakupendeza? Na akijibu kwa namna ya kutia wasiwasi, amwulize pia kama amepata wazo la kutaka kufa au kujidhuru. Wengi huogopa swali hilo, wakidhani litampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo. Aliye na wazo hilo mara nyingi hupumua anapoulizwa.

Wa pili ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, anayepita nyumba kwa nyumba. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango mpya wa wahudumu hawa, na tungependa waumini wetu wamjue wa mtaa wao kwa jina. Wa tatu ni tabibu wa kituo cha afya, atakayepima damu, presha na homa, na kuamua kama dawa yatakiwa. Juu yake zipo hospitali za rufaa za mkoa, yaani Temeke, Mwananyamala na Amana, zenye huduma ya magonjwa ya akili, na juu ya hizo Muhimbili. Panapokuwa na kipigo au njaa nyumbani, wahusika ni ofisa ustawi wa jamii, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Hakuna kidonge kinachoponya kipigo.

Kwa kuwa dawa zimetajwa, tuseme mawili. Zipo dawa za sonona ambazo mama anaweza kuzitumia huku akinyonyesha, na tabibu ndiye wa kumchagulia. Asiache kunyonyesha wala asiache dawa kwa ushauri wa jirani. Na mwanamke anayetumia dawa za akili au za kifafa na anatazamia kupata mimba, amwone daktari kabla, maana mojawapo ya dawa hizo, valproeti, huweza kumdhuru mtoto tumboni. Asiziache ghafula mwenyewe, jambo ambalo nalo ni la hatari.

MKONO KWA MKONO

Sehemu dhaifu ya kazi yote si mtu huyu wala yule. Ni njia iliyopo kati yao. Muuguzi akimwandikia mama barua ya rufaa kwenda Temeke, kazi yake imekwisha karatasini. Lakini mama mwenye sonona ndiye hasa asiyeweza kuamka saa kumi na moja, kuoga, kumfunga mtoto mgongoni, kugombania daladala mbili na kuuliza dirisha kwa dirisha mahali alipo daktari. Ugonjwa wake ni huo huo wa kushindwa kufanya mambo hayo. Kumpa barua na kumwacha ni sawa na kumwambia aliyevunjika mguu atembee mpaka kwa mganga.

Kwa hiyo mgonjwa huyu akabidhiwe mkono kwa mkono. Mtu aende naye. Nauli itafutwe kabla. Aliyempeleka ajue siku ya kurudi, na akimkosa siku hiyo aende nyumbani kumwangalia. Na aliyempokea amrudishie habari aliyemleta, kwa kiasi ambacho mama mwenyewe ameruhusu. Hapo ndipo kikundi cha kanisa chaweza kufanya jambo ambalo hospitali haina watu wa kulifanya.

Wapo watakaouliza kama watu wasio madaktari wanaweza kweli kusaidia ugonjwa wa akili. Jibu tunalo kutoka sehemu kadhaa. Katika Pakistan, wilaya ya Rawalpindi, wanawake wahudumu wa afya wa vijijini, wenye elimu ya kawaida tu, walifundishwa kuwatembelea kina mama wenye sonona na kuzungumza nao kwa utaratibu maalumu kuhusu afya ya mama, mtoto, na watu walio karibu naye. Mwaka 2008 Atif Rahman na wenzake walichapisha matokeo ya kina mama 903. Mtoto alipofikia miezi sita, waliobaki na sonona katika kundi lililohudumiwa hivyo walikuwa 23 katika kila 100. Katika kundi jingine, lililotembelewa bila mazungumzo hayo, walikuwa 53. Shirika la Afya Duniani limekifanya kitabu cha mafunzo hayo kuwa cha nchi zote. Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006, kina bibi hukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye mawazo mengi, kazi iliyoanzishwa na daktari Dixon Chibanda. Na hapa kwetu Dar es Salaam, Profesa Kaaya na wenzake waliwakusanya wajawazito wenye virusi vya Ukimwi katika vikundi vya mazungumzo kwa wiki sita. Katika uchunguzi huo wa wanawake 331, waliohudhuria vikundi walitoka na nafuu kiasi kuliko wenzao. Haikuwa muujiza. Tunalitaja hilo kusudi mtu asidhani mazungumzo peke yake yatamaliza umaskini au ugomvi wa nyumbani.

YATUPASAYO SISI

Umoja wa Akina Mama umezoea kumtembelea mzazi mara moja, mara nyingi wakiwa kumi au kumi na watano. Ziara hiyo ni ya furaha na hatuipingi. Lakini mzazi aliyejaa wageni kumi na watano hawezi kusema neno la siri, na zaidi ya hayo atataka kuwapikia chai. Afadhali baada ya ziara hiyo wachaguliwe wawili, wanaojua kunyamaza, waende tena wiki ya pili, ya nne, ya sita, na mwezi wa tatu. Wasiende mikono mitupu wala wasiende na hotuba. Mgonjwa haulizwi uji: wafue nguo, wachote maji, wambebe mtoto saa mbili ili mama alale. Usingizi kwa mzazi ni dawa. Kisha, mtoto akiwa mgongoni kwa mgeni, ndipo waulize, "Na wewe mwenyewe, mwanangu, waendeleaje?" Na wakae kimya mpaka ajibu.

Jambo la maombi tuliseme wazi kwa kuwa limeleta madhara. Kumwombea mgonjwa ni wajibu wetu. Kumwambia aache dawa ili imani yake ionekane si wajibu wetu, na anayefanya hivyo anachukua juu yake dhamana ambayo hataweza kuibeba. Mama anayenyonyesha asiambiwe kufunga. Asifungwe minyororo, asipigwe kwa kisingizio cha kumtoa pepo. Na jina lake lisisomwe kanisani Jumapili pamoja na aina ya ugonjwa wake. Akigundua kwamba siri yake imefika kwenye kwaya, hatatuambia neno jingine, na mzazi atakayemfuata naye atakuwa amejifunza kunyamaza.

Na kina baba? Tumeona kwamba ugomvi wa nyumbani ni mmoja wa mizigo mikubwa. Baba afuatane na mkewe kliniki walau mara moja wakati wa mimba, azijue dalili tulizozitaja, na akikuta moto haujawashwa aulize kabla ya kukasirika. Baba kumbeba mtoto usiku hakumpunguzii heshima. Tena baba naye huelemewa, hasa wa mtoto wa kwanza aliyekopa kwa ajili ya kodi na hospitali. Wanaume wenzake katika jumuiya wamtafute.

Vikundi vitakavyosoma somo hili vijadili haya. Katika mtaa wetu ni wanawake wangapi wana mimba sasa, na ni yupi kati yao ambaye hana jamaa karibu? Kliniki iliyo karibu nasi huwa siku gani, na nani kati yetu anafahamiana na muuguzi wake? Ni maneno gani tuliyozoea kuyasema kwa mzazi ambayo humfunga mdomo? Kikundi kina akiba ya nauli ya watu wawili kwenda na kurudi Temeke au Mwananyamala? Na mzazi akiharibikiwa na akili saa nane za usiku, nani atapigiwa simu kwanza, na gari au bajaji ya nani itatumika? Swali hili la mwisho lisijibiwe kwa mdomo tu. Andikeni jina na namba, mbandike mlangoni mwa ofisi ya kanisa kabla ya kuondoka.